Divai ya Povu kwa Maua ya Porini: Hatua kwa Hatua, Bila Kupasua Chupa

Wanaoanza kutengeneza divai ya maua huuliza mambo matatu, tena karibu kwa mpangilio uleule. Nichume maua gani? Hamira ya mkate itafaa? Na la tatu huja wiki kadhaa baadaye: mbona chupa zangu zimepasuka? Nitajibu yote, lakini hilo la tatu ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Mapishi mengi yanayopita mikononi mwa watu husema hivi: loweka maua, tia sukari, subiri siku chache, kisha jaza chupa divai ikiwa bado inachacha. Povu utalipata. Tatizo ni kwamba hujui umefungia sukari kiasi gani ndani ya kioo. Kila gramu 4 za sukari katika lita moja, hamira ikizimaliza, hutoa gesi ya kuongeza presha ya takriban angahewa 1. Chupa iliyofungwa na gramu 40 kwa lita inaelekea angahewa 10, na hapo hakuna chupa ya bia wala ya divai ya kawaida ya kuaminika. Mara yangu ya kwanza nilifuata mapishi ya namna hiyo. Chupa mbili zilipasuka usiku ndani ya kabati, na asubuhi nilikuta vipande vya kioo vimejichoma kwenye mbao za mlango. Tangu siku ile nina njia moja tu: naiacha divai ichache mpaka sukari yote iishe, ndipo naongeza sukari niliyoipima kwa mizani na kufunga chupa. Itakuchukua miezi miwili hadi mitatu badala ya wiki mbili. Ni muda wa haki.

Kabla ya yote, jua sheria ya unakoishi. Nchi nyingi huruhusu mtu mzima kujitengenezea divai ya kunywa nyumbani, nyingine hudai kibali, nyingine hukataza kabisa. Kukeneka pombe kali ni jambo jingine na halimo humu.

MAUA GANI

Ua likinukia vizuri haina maana kwamba linalika. Chuma lile tu unalolijua kwa jina na kwa sura ya mmea mzima: jani, shina, gome. Ukiwa na shaka hata kidogo, liache hapo lilipo.

Yanayotumika sana ni maua ya sambukasi (Sambucus nigra), dandelioni, waridi lisilopigwa dawa, asumini halisi (jamii ya Jasminum), na maua meupe ya robinia (Robinia pseudoacacia). Kila moja lina tahadhari yake:

- Sambukasi ni mti mdogo au kichaka chenye gome. Vikonyo vyake vya kijani na majani yana kemikali zinazotoa sianidi, kwa hiyo unatumia maua tu. Usiuchanganye na hemloki (Conium maculatum), ambayo pia ina maua madogo meupe yaliyokaa kama mwavuli. Hemloki haina gome la mti. Ni mmea laini wenye shina la kijani lililo tupu ndani na lenye madoa ya zambarau. Inaua.
- Robinia: ua peke yake ndilo huliwa. Gome, majani na mbegu zake ni sumu. Laburnamu hufanana nayo kwa jinsi maua yanavyoning'inia, lakini maua yake ni ya njano na ni sumu.
- Asumini: kuna mimea mingine inayoitwa asumini au jasmini kwa jina tu. Gelsemium, yenye maua ya njano kama tarumbeta, ni sumu kali.
- Oleanda, mnanaha (datura) na digitalisi usiyaguse kwa kazi hii, hata kama yamejaa njiani na yanapendeza macho.

Mtu mwenye mzio wa chavua asinywe wala asitengeneze kabla ya kufikiri vizuri, maana hapa hatuoshi maua.

UNAHITAJI NINI

Kwa lita 5:

- Maua: mashada 15 hadi 20 ya sambukasi, au lita moja na nusu ya petali zilizojazwa kwenye chombo bila kushindiliwa. Asumini inatosha nusu ya hapo, kwa kuwa harufu yake hutawala.
- Sukari nyeupe gramu 850, na nyingine kidogo ya kutia kwenye chupa.
- Malimau 3.
- Kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari. Hii huipa divai ule ukavu kidogo mdomoni ambao maua hayana.
- Hamira ya divai ya povu, pakiti ya gramu 5.
- Chakula cha hamira, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Maua hayana lishe ya kutosha na maji ya sukari hayana kabisa.
- Kidonge 1 cha metabisalfaiti (huuzwa pia kwa jina la Campden).
- Ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 8 au 10, yenye kifuniko.
- Dumu la lita 5 lenye mdomo mwembamba, na kizibo cha maji, kile chenye kimrija kinachotoa gesi nje bila kuruhusu hewa kuingia.
- Mpira mwembamba wa kuhamishia divai.
- Haidromita na silinda yake.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja, na kipimajoto.
- Dawa ya kusafishia vyombo.
- Chupa za divai ya povu na vifuniko vyake, au chupa za plastiki za soda.

Ukibanwa na fedha, punguza kwingine kote lakini usiache haidromita. Ni kijiti cha kioo chenye namba, bei yake si kubwa, na ndicho pekee kitakachokuambia kwa uhakika kwamba sukari imeisha. Kimya cha kizibo cha maji hakitoshi. Divai iliyosimama kwa sababu ya baridi nayo iko kimya vilevile.

Kuhusu hamira ya mkate: itachacha, naam, lakini hutulia vibaya chini ya chupa, huacha harufu ya unga, na mara nyingi huchoka mapema. Hamira ya divai ya povu imechaguliwa kwa sababu inaweza kuanza kazi upya ndani ya chupa iliyokwisha kuwa na kilevi na presha. Pakiti moja ndogo inatosha hata lita 20.

Na usitumie chupa za divai ya kawaida, mitungi ya jamu, chupa zenye pembe nne, wala zile nzuri za mapambo zenye kifuniko cha waya ambazo hazikutengenezwa kwa vinywaji vya gesi. Chupa ya shampeni ni nzito kwa sababu: shampeni hukaa kwenye angahewa 5 hadi 6, zaidi ya maradufu ya tairi la gari dogo. Chupa zilizotumika zinafaa, mradi hazina mkwaruzo wala ufa. Zipitishe kwenye mwanga mojamoja.

HATUA

1. Chuma siku kavu, asubuhi umande ukishakauka. Maua yawe yamefunguka karibuni na bado yana chavua ya njano. Yaliyoanza kuwa ya kahawia yatakupa harufu ya mkojo wa paka, na hilo halitoki tena. Kaa mbali na barabara kuu na mashamba yanayopigwa dawa. Usikombe mti mmoja; wadudu na ndege wana haki yao.

2. Safisha kila kitu kitakachogusa divai. Kwanza osha uchafu unaoonekana, kisha tumia dawa ya kuua vijidudu. Ukitumia jiki, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa, kwa kuwa klorini huharibu ladha hata ikiwa kidogo.

3. Kung'uta wadudu juu ya kitambaa cheupe, kisha kata maua kutoka kwenye vikonyo kwa mkasi au chanua kwa uma. Usioshe: chavua ndiyo imebeba harufu. Hapa ndipo uvivu huonekana baadaye. Kikonyo kimoja kimoja hakitaharibu kitu, lakini konzi nzima ya kijani huleta uchungu usiofichika. Kwa dandelioni, toa petali za njano na utupe kikombe cha kijani kilichozishika. Kazi ya saa nzima, ifanye.

4. Chemsha lita 2 za maji, yeyusha gramu 850 za sukari, zima moto. Mimina kwenye ndoo, ongeza maji baridi mpaka ukaribie lita 5, na usubiri joto lishuke chini ya nyuzi 30 za Selsiasi. Usimwagie maua maji yanayochemka. Harufu utaisikia jikoni kwako badala ya kuikuta kwenye glasi.

5. Kwaruza maganda ya njano ya malimau bila ile nyama nyeupe chungu, kamua juisi, tia vyote kwenye ndoo pamoja na chai. Chovya haidromita kabla ya kutia maua na uandike namba. Inapaswa kuwa karibu na 1.065. Hiyo ni sukari ya kutosha kilevi cha asilimia 9 hadi 10, na usitamani zaidi. Kadiri divai inavyokuwa kali kupita hapo, ndivyo hamira inavyopata shida kuchacha mara ya pili ndani ya chupa.

6. Tia maua. Saga kidonge cha metabisalfaiti, koroga humo, funika kwa kifuniko kilicholegea, uache saa 24. Kidonge hiki hutuliza vijidudu vya porini vilivyokuja na maua.

7. Kesho yake, nyunyizia hamira kwenye mililita 50 za maji ya nyuzi 35 hadi 40, uache dakika 15 hadi 20, kisha uimimine ndooni. Tia na chakula cha hamira. Funika tena bila kubana. Kwa siku mbili hadi tatu, koroga mara mbili kwa siku ukiyazamisha maua yanayoelea, yasije yakaota ukungu juu.

8. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, kamua maua kwa upole, na uhamishie kwenye dumu. Jaza mpaka karibu na shingo na uweke kizibo cha maji. Usifunge dumu kwa kifuniko cha kukaza: gramu 850 za sukari hutoa zaidi ya lita 200 za gesi, na lazima itoke. Chumba nacho kiwe kinapitisha hewa.

9. Weka mahali penye kivuli, nyuzi 18 hadi 22. Wiki ya kwanza itabubujika kwa nguvu, kisha itapungua. Baada ya wiki mbili hadi nne mashapo yatakuwa yamelala chini. Tumia mpira kuhamishia divai kwenye chombo kingine safi bila kuyagusa mashapo, ncha ya mpira ikiwa imezama ili usiichapue divai na hewa. Rudisha kizibo cha maji, uiache wiki nyingine moja au mbili ing'ae. Safari hii usiongeze metabisalfaiti wala potasiamu sobeti (dawa ya kuzuia hamira isizaliane). Hamira iliyobaki bado ina kazi.

10. Sasa pima. Haidromita isome kati ya 0.990 na 0.998. Subiri siku tatu, pima tena. Namba ikiwa ileile, sukari imeisha. Ikishuka hata kidogo, rudisha kizibo na usubiri. Onja pia: iwe kavu kabisa, chachu, bila utamu wowote. Watu wengi huonja hapo wakavunjika moyo. Usivunjike, povu na mapumziko vitaibadilisha sana.

11. Pima divai uliyonayo kwa lita, maana baadhi imepotea kwenye mashapo, kisha pima sukari kwa mizani. Kijiko hakitoshi kwa hesabu hii.

- Chupa za bia za glasi: gramu 7 kwa lita.
- Chupa za plastiki za soda: gramu 10 kwa lita.
- Chupa za divai ya povu: gramu 12 kwa lita kwa anayeanza. Ukishazoea unaweza kufika 20, usivuke.

Mfano: una lita 4.5 na chupa za divai ya povu. 4.5 mara 12 ni gramu 54. Ziyeyushe kwenye mililita 100 za maji, chemsha, poza, mimina kwenye ndoo safi, kisha hamishia divai juu yake na ukoroge taratibu. Usigawe sukari kavu kwenye kila chupa. Moja itapata nyingi kuliko nyingine, na ile ndiyo itakayokusumbua.

12. Jaza chupa ukibakiza sentimita 3 hadi 4 juu. Funga kwa kizibo cha plastiki cha divai ya povu na waya wake, au kwa kifuniko cha bati kama una mashine. Midomo ya chupa za povu hutofautiana, milimita 26 au 29, kwa hiyo pima kabla ya kununua vifuniko. Hata ukitumia kioo, jaza chupa moja ndogo ya plastiki kutoka ndoo hiyohiyo. Itakuwa shahidi wako: ukiibonyeza kila siku mbili utajua zilizo kwenye kioo zimefikia wapi, bila kufungua hata moja.

13. Simamisha chupa ndani ya sanduku lenye kifuniko, nyuzi 18 hadi 22, wiki tatu. Chupa ya plastiki ikishakuwa ngumu kama mpya ya soda, hamishia zote mahali baridi. Ngoja mwezi mmoja angalau. Miezi mitatu ni bora: uchachu hulainika na mapovu huwa madogo.

14. Kabla ya kufungua, weka kwenye friji saa 24 hadi 48, ikiwa imesimama. Baridi huishikilia gesi ndani ya divai. Shika kizibo kwa kitambaa, zungusha chupa polepole, usielekeze kwa mtu. Mimina kwa mkono mmoja usiotikisika na uache kidole kimoja cha divai chini pamoja na mashapo. Mashapo hayadhuru, ila yana ladha ya hamira.

Wataalamu huyatoa mashapo kwa kuzigeuza chupa kidogo kidogo mpaka zisimame kichwa chini, kisha kugandisha shingo na kuyarusha nje. Chupa zako za kwanza hazihitaji hilo.

Wanaopenda utamu wanaweza kutia kijiko cha sharubati ya maua kwenye glasi. Kwenye chupa usitie kamwe: hamira iliyo hai itaila yote na kuigeuza presha.

Na jina lake? Iite tu divai ya povu ya maua. Neno Champagne ni mali ya eneo la Ufaransa linalobeba jina hilo. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilizuia kinywaji cha maua ya sambukasi kuuzwa kwa jina hilo.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Haijaanza kuchacha baada ya saa 48. Angalia joto kwanza. Chini ya nyuzi 16 hamira huzorota. Likiwa sawa, hamira ilikuwa ya zamani au ilitiwa kwenye maji ya moto mno. Andaa pakiti mpya, na safari hii iongeze divai kidogo kidogo kwenye kikombe chake kabla ya kuimimina yote.

Imesimama kwenye 1.010 au 1.020. Hapa ndipo wengi hufunga chupa wakidhani imekwisha. Usifanye hivyo. Ipeleke penye joto la nyuzi 22, tikisa dumu kwa upole kuamsha mashapo, ongeza chakula cha hamira nusu kipimo. Isipoendelea kwa wiki moja, tia hamira mpya iliyoamshwa.

Inanuka yai bovu. Hamira ina njaa. Kama bado inachacha, tia chakula na ukoroge. Kama imekwisha, ihamishe kutoka kwenye mashapo. Mara nyingi harufu hupotea yenyewe kwa siku kadhaa.

Inanuka siki, au ina utando mweupe juu. Hewa imeingia. Utando mwembamba ukiwahi, hamisha divai iliyo chini yake na ujaze dumu mpaka shingoni. Siki hairudi kuwa divai.

Ina wingu, haing'ai. Subiri kwanza. Wiki mbili mahali baridi hufanya kazi kubwa. Wingu hilo halibadilishi ladha.

Haina gesi baada ya wiki tatu. Karibu kila mara ni baridi. Rudisha chupa penye nyuzi 20, zipindue taratibu mara moja ili hamira isambae, ngoja wiki mbili zaidi. Kama divai ilikaa miezi mingi kwenye dumu kabla ya kujazwa, hamira ilikuwa imekufa. Mara nyingine changanya punje chache za hamira mpya na ile sukari ya chupa, ikishapoa.

Chupa ya plastiki imevimba, au moja ya kioo imepasuka. Zilizobaki zichukulie kuwa hatari zote. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu nene na nguo ya mikono mirefu. Usizitikise. Zifunike kwa taulo zito mahali zilipo, na kama unaweza kuzisogeza bila kuzigonga, ziweke kwenye friji, kwa sababu presha hushuka joto likishuka. Baada ya siku mbili zifungue nje ya nyumba, moja moja, taulo likiwa limezunguka chupa yote. Watoto wasiwe karibu.

Je, nitapata methanoli? Swali hili huwatia watu hofu sana. Methanoli hutokana na pektini iliyomo kwenye matunda, na maua yana kidogo mno. Kuchachusha sukari na maua hakuleti kiasi cha kudhuru. Vifo vinavyosikika hutoka kwenye pombe kali iliyokenekwa vibaya au kuchanganywa na spiriti ya viwandani.

Ni chungu mno. Vikonyo vingi, au nyama nyeupe ya limau, au maua yalikaa kwenye ndoo wiki nzima. Kwa chupa hizi hakuna dawa zaidi ya kuziacha miezi sita. Andika tarehe na ulichofanya kwenye kila chupa, ili msimu ujao ujue ni hatua gani ya kubadilisha.